Ukifika Kolo, Piga Hodi

Umewahi kusafiri kwa barabara ya Dodoma kwenda Arusha? Ukishaipita Kondoa mjini, unafika kijiji cha Kolo. Je, uliwahi kushuka hapo? Wengi wetu tumeishia kuitazama ile milima dirishani.

Chini ya majabali yake, wazee wa kale walichora watu, twiga, pofu na tembo. Michoro myekundu ni ya wawindaji; ile myeupe ni ya wakulima waliofuata. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia.

Basi twende tukaione. Kwa nini tuwaachie watalii peke yao?

Lakini tuingieje? Kama tunavyoingia nyumbani kwa mkwe: kwa hodi. Pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, upate mtu wa kukuongoza. Yapo mapango ambamo wenyeji bado hufanya matambiko ya mvua na uponyaji. Ukikuta vitu vyao, viache kama vilivyo.

Ukishafika, sogea utazame. Kuna watu wembamba wenye vichwa vikubwa vya nywele, na mistari mingine haizidi unene wa chelewa ya ufagio. Jabali limeikinga rangi hiyo na mvua kwa karne na karne. Na mikono yetu, nani ataizuia?

Wapo wanaomwagia michoro maji ya chupa ili rangi ikolee kwenye picha. Hawana nia mbaya; wameipenda. Ila maji yakikauka huacha chumvi, nayo hutanda juu ya mchoro kama ukungu. Simu inatosha kuvuta picha karibu.

Mwalimu, wasimulie wanafunzi haya kabla hamjapanda basi. Dereva, mkipita Kolo waambie abiria kilichopo mlimani. Wewe unayechunga mbuzi huko, ukitaka kuota moto, uwashe mbali na ukuta wenye michoro.

Nasi wazazi? Kazi yetu inaanzia sebuleni. Mtoto aliyezoea kuheshimu ukuta wa jirani hatachonga jina lake pangoni.

Likizo ijayo, wapeleke wanao. Waonyeshe ule mstari mwembamba kama chelewa, kwa kidole kisichogusa. Siku moja nao watawaleta wajukuu zako, na wataukuta palepale.