Kimanda bila jibini: dagaa wa Nyasa wapo

Asubuhi za Mbinga zina baridi, na watoto wengi huenda shule na chai ya rangi na kipande cha muhogo tumboni. Kuku wapo uani, lakini mayai yanasubiri kuuzwa ili yanunue sukari. Hapo ndipo familia inapopata hasara: yai moja lina takriban gramu 6 za protini, sukari haina hata moja.

Kimanda cha jibini huonekana kitamu kwenye picha za simu. Jibini hutengenezwa Njombe, ila bei yake si ya kila asubuhi. Dagaa wakavu wa Mbamba Bay wanatosha. Huliwa na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo.

Dagaa hutolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya vuguvugu, hukaushwa kikaangoni, kisha hutwangwa. Kijiko kimoja huchanganywa na mayai mawili, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo, kimanda kigeuzwe mpaka kisibaki ute katikati. Wengi huharakisha hapa kwa sababu mtoto anawahi namba, lakini yai lisiloiva huweza kumharisha.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 naye apewe, bila chumvi, dagaa wakiwa unga laini kabisa. Siku ya kwanza aonjeshwe kidogo tu, mzazi akiangalia vipele au kutapika.

Chai isubiri kama saa moja, maana hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kwa asubuhi hiyo, maji na kipande cha papai vinatosha.