Buibui wa Ukutani Naye Ana Ukoo Wake

Mvua zinapoanza Njombe, kila kiumbe hutafuta pakavu. Kuni zilizorundikwa nyuma ya jiko, magunia ya viazi stoo, mbao zilizopangwa uani kule Makambako zikisubiri lori, kote humo kuna mkazi wa miguu minane. Usiku taa ikiwashwa anaonekana ukutani, mkubwa kama kiganja cha mtoto, na nyumba nzima inataharuki. Ndala inatafutwa. Dakika moja baadaye buibui hayupo tena, lakini swali la mtoto linabaki: "Mama, yule anaua?"

Siku hizi wazazi wengi hutafuta jibu kwenye simu. Huko wanakutana na picha ya buibui wa kahawia aliyenyanyua miguu ya mbele, na maneno kwamba ndiye mwenye sumu kali kuliko wote, kwamba hujificha kwenye mikungu ya ndizi, na kwamba aking'ata mtu ni kifo. Mzazi akilinganisha picha ile na yule wa ukutani, anaona wote ni wakubwa, wote ni wa kahawia, wote wana mbio. Basi anaamua kuwa ni yuleyule.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Watu wawili wanaweza kufanana sura na wasiwe na babu mmoja. Mzee wa Kibena akipelekewa habari za posa hatazami sura ya kijana tu, anauliza ni wa ukoo gani. Kwa buibui nako swali ni hilohilo.

Familia ya watembezi

Wanaosoma baiolojia shuleni wanaujua mpangilio wa viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Buibui si wadudu. Mdudu ana miguu sita, buibui ana minane, na yuko ngeli moja na nge, kupe na utitiri. Katika oda ya buibui kuna familia zaidi ya 130. Orodha ya buibui wa dunia inatunzwa katika jumba la makumbusho mjini Bern, Uswisi, na mwezi Aprili 2022 iliandikishwa humo spishi ya 50,000. Kila mwaka zinaongezeka nyingine.

Buibui wa kwenye picha za simu ni wa jenasi iitwayo Phoneutria, jina la Kigiriki lenye maana ya mwuaji wa kike. Jenasi hiyo imo katika familia ya Ctenidae, iliyopewa jina mwaka 1877 na mtaalamu aitwaye Eugen von Keyserling. Ni familia kubwa, yenye spishi zaidi ya 500, na makazi yake ni misitu na vichaka vya nchi za joto: Amerika, Afrika, Madagaska, Asia hadi Australia. Huitwa buibui watembezi kwa kuwa hawatandi utando na kungoja windo linase. Mchana hujificha chini ya majani makavu, magogo au magome. Usiku hutoka kuwinda kwa miguu.

Mtaalamu anapotaka kujua kama buibui ni wa familia hiyo, huanza na macho. Buibui wengi wana macho manane, na namna yalivyopangwa ni kama alama ya ukoo. Kwa watembezi, mbele kabisa kuna mawili, nyuma yake mstari wa manne, kisha mawili tena. Huhesabiwa mbili, nne, mbili. Halafu hutazamwa ncha za miguu. Mtembezi ana kucha mbili na vishungi vya nywele vinavyomwezesha kupanda hata sehemu laini bila kuteleza. Baada ya hapo huangaliwa viungo vya uzazi kwa darubini, maana spishi mbili zinaweza kufanana kila kitu kingine.

Ubaya wa mmoja haumpaki mwingine

Phoneutria ni jenasi ya spishi tisa tu. Wote ni wa Amerika ya Kati na Kusini, kuanzia Costa Rica hadi kaskazini ya Argentina. Afrika hawapo, wala Tanzania hawapo. Na hata kwao Brazili, ambako wanaingia majumbani, watu wengi wanaong'atwa hupata maumivu makali na kupona. Wachache, hasa watoto wadogo, ndio wanaougua sana, na kwa ajili yao taasisi ya Butantan ya mjini São Paulo hutengeneza dawa ya kuondoa makali ya sumu.

Ndugu zao wa Afrika ni watembezi wa jenasi nyingine. Wana sumu, kama karibu kila buibui, kwa kuwa ndiyo silaha ya kulia chakula. Lakini hawana sifa ya kuua watu. Kuwatia wote hatia ya Phoneutria ni sawa na kumfunga mjomba kwa kosa la binamu anayeishi ng'ambo ya bahari.

Hata hiyo habari ya ndizi ina kasoro. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani Kaskazini walichapisha matokeo ya buibui 135 waliopatikana kwenye ndizi na mizigo mingine kutoka nje, wakapelekewa kuwatambua. Phoneutria walikuwa wachache tu. Wengi walikuwa wapole waliodhaniwa kuwa wabaya. Mmoja wao ni wa jenasi Cupiennius, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa ndugu wa Phoneutria katika familia hiyo ya Ctenidae. Mwaka 2019, baada ya kulinganisha vinasaba, wataalamu walimhamishia familia nyingine kabisa.

Mambo ya kuhama namna hiyo si kichekesho. Jenasi iitwayo Ctenus, iliyoanzishwa mwaka 1805, iligeuka kuwa kapu la kila kitu. Mtembezi yeyote aliyeokotwa Afrika, Asia au Amerika na kukosa pa kuwekwa, alitupwa humo. Wataalamu wa leo wanalipakua kapu hilo taratibu, na imeonekana kwamba wengi wa Afrika walioitwa Ctenus si Ctenus hasa. Jenasi mpya zinaundwa kwa ajili yao. Mojawapo ni Piloctenus ya Afrika Magharibi, iliyotangazwa mwaka 2017.

Makambako ni mpaka

Kwa wasafiri, Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA, barabara kuu ya Mbeya, na barabara inayokwenda Njombe hadi Songea. Kwa wanaosoma viumbe wa milimani, ni jina la mpaka. Upande mmoja inaishia Udzungwa, mwisho wa kusini-magharibi wa Milima ya Tao la Mashariki. Upande wa pili inaanza milima ya Kipengere na nyanda za juu za kusini. Katikati kuna eneo kavu zaidi lisilo na msitu mnene, na vitabu vya kitaalamu huliita Pengo la Makambako.

Kwa lori pengo hilo ni safari fupi. Kwa kiumbe mdogo aliyezoea majani mabichi na kivuli cha msitu ni kama jangwa. Wanaobaki upande huu na wale wa upande ule wanaweza kukaa maelfu ya miaka bila kuoana, na taratibu wakawa spishi mbili. Ndiyo sababu misitu ya milima hii ina viumbe wasiopatikana kwingine popote.

Kima aitwaye kipunji ni mfano mzuri. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa wenyeji wa Rungwe walishamjua. Yuko Rungwe na Kitulo, upande mmoja wa pengo, na yuko msitu wa Ndundulu katika Udzungwa, upande wa pili, na vinasaba vya makundi hayo mawili vinatofautiana. Kama kima wa ukubwa wa mbwa aliweza kukaa bila jina la kitaalamu hadi karne hii, buibui chini ya jani wako wangapi? Mwaka 2002, Line Sørensen, Jonathan Coddington na Nikolaj Scharff walichapisha kazi yao ya kukusanya buibui katika msitu wa Uzungwa Scarp. Walipata maelfu, wa spishi zaidi ya 100, katika msitu mmoja tu. Msitu kama huo ukikatwa kwa ajili ya mkaa au shamba, huenda wanaokwisha ni viumbe ambao bado hawajaandikwa kwenye orodha yoyote.

Nani basi yuko ukutani?

Anayekutwa ndani ya nyumba mara nyingi si Ctenidae. Wako watatu wanaochanganywa nao.

Wa kwanza ni buibui bapa, wa familia ya Selenopidae. Amelala juu ya ukuta kama karatasi, akishtuliwa anahama kwa kasi na kupotea nyuma ya fremu ya picha. Hutega mende na wadudu wengine wa usiku.

Wa pili ni wa familia ya Sparassidae, mrefu wa miguu, anayetembea ubavu kama kaa. Macho yake yako mistari miwili, manne na manne.

Wa tatu ni buibui mbwamwitu, familia ya Lycosidae, anayekimbia sakafuni na shambani. Macho yake ni manne madogo mbele, mawili makubwa katikati na mawili nyuma. Jike hubeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, na vifaranga wakitoka huwabeba mgongoni. Mtoto anayeona hayo hahitaji kufundishwa kwamba buibui naye ni mzazi.

Wapo wa kuogopwa Tanzania, lakini ni wa familia nyingine tena. Mjane wa kahawia hukaa kwenye utando wake ovyoovyo chini ya viti, kwenye matundu na vyoo vya nje, naye mara chache sana hutoka kutembea. Buibui wakubwa wenye manyoya wa mashimoni, wa familia ya Theraphosidae, hung'ata kwa maumivu makali wakichokozwa. Watoto waonywe wasichomeke vidole kwenye mashimo.

Faida yao nayo ihesabiwe. Mwaka 2017 Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula tani milioni 400 hadi 800 za windo kwa mwaka, wengi wakiwa wadudu. Anayepulizia dawa chumba kizima, na watoto wakalala humo, kwa sababu ya buibui mmoja, amejiletea hatari kubwa kuliko aliyoikimbia.

Kidonda kisichokuwa cha buibui

Gharama kubwa zaidi ya kutojua haimwangukii buibui. Inamwangukia mgonjwa. Mtu anaamka na uvimbe mguuni, umewaka na unauma. Hakuona kitu, lakini familia inakubaliana: "Umeng'atwa na buibui." Inapakwa majani, inangojwa sumu ishuke, siku zinapita. Kumbe ni bakteria walioingia kwenye mkwaruzo, na uvimbe unageuka jipu, au sumu ya bakteria inaingia damuni. Madaktari wa nchi mbalimbali wameonya mara nyingi kwamba vidonda vingi vinavyodaiwa kuwa vya buibui ni maambukizi ya ngozi.

Buibui hana haja na binadamu. Katika nyumba moja ya Kansas, Marekani, familia ya watu wanne ilikusanya kwa miezi sita buibui 2,055 wa aina inayoogopwa kwa vidonda vyake. Walikuwa wameishi nao miaka kadhaa. Hakuna hata mmoja wao aliyeng'atwa.

Kwa hiyo utaratibu wa nyumbani ni mwepesi. Viatu, gambuti na nguo zilizoanikwa nje zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kuni zibebwe kwa kutazama mkono unashika nini. Buibui wa ukutani afunikwe kwa kikombe, karatasi ngumu ipitishwe chini yake, apelekwe bustanini, na mtoto mkubwa apewe nafasi ya kuhesabu macho kabla hajaachiwa.

Aliyeng'atwa kweli aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha maji baridi, asichanjwe wala kufungwa kamba. Maumivu yakisambaa, jasho likimtoka, akitapika, akipumua kwa shida, au akiwa ni mtoto mdogo, apelekwe kituo cha afya mara moja. Uvimbe unaozidi kukua, kuwa moto na kuleta homa nao haungojewi.

Na mhudumu akiuliza aling'atwa na nini, mgonjwa aseme alichokiona. Kama hakuona kitu, aseme hakuona. Neno hilo moja humsaidia mganga kutafuta ugonjwa wenyewe, badala ya kutibu sumu ambayo haikuwepo.