Hodi Hupigwa Hata Angani



Jina la Kangeta lilifika Pwani zamani, kabla ya wengi wetu kuuona mji wenyewe. Katika mabaraza ya Mombasa, Malindi na Lamu, Kangeta ni aina ya miraa, na wako waliozeeka wakilitaja jina hilo bila ya kujua kuwa ni mji wa watu, ulioko Igembe ya Kati katika Kaunti ya Meru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, kwenye milima ya Nyambene. Wiki hii hatuandiki juu ya miraa. Twaandika juu ya nyumba, na juu ya jicho geni lililoingia katika kazi ya ujenzi.

Familia moja miongoni mwa wasomaji wetu, yenye jamaa wafanyao biashara huko tangu enzi za babu yao, imeazimia kujenga nyumba ya vyumba vya kupangisha katika kiwanja cha mteremko. Walitualika tukaone kazi inavyoanza. Tulipofika asubuhi, ukungu ungali umetanda juu ya migomba na miti ya miraa, hatukukuta kamba wala vigingi. Tulimkuta kijana mmoja na sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapanga manne na kamera tumboni.

Kijana alitandaza vibao vitano vyenye alama nyeusi na nyeupe, akapima mahali pa kila kimoja kwa chombo kinachopokea ishara za satelaiti, kisha akangoja ukungu ufunguke. Ulipofunguka, droni ilipaa, ikaenda na kurudi juu ya kiwanja kama mkulima alimaye matuta, ikipiga picha mfululizo, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya mwenzake. Siri ya kazi ni hiyo. Sehemu moja ya ardhi ikionekana katika picha nyingi zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali, programu ya kompyuta huweza kukokotoa mwinuko wake, sawa na macho yetu mawili yanavyotuwezesha kujua lipi liko karibu na lipi liko mbali. Vile vibao ndivyo vinavyoifunga picha na vipimo vya kweli vya ardhini.

Baada ya siku mbili mhandisi alikuwa na sura ya kiwanja kizima mezani pake. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mkondo wa maji, uliofunikwa na nyasi, ulikata pembe ya nyuma ya kiwanja, pale pale mchoro ulipoweka shimo la choo. Lau lingechimbwa, mvua ya kwanza kubwa ingelijaza na kuuteremsha uchafu hadi kwa majirani wa chini. Kurekebisha mchoro ni kazi ya kalamu. Kurekebisha msingi ni kazi ya nyundo na fedha. Familia ilishukuru, nasi tukashukuru pamoja nao.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Siku ile ile droni ilipokuwa ikizunguka, bibi mmoja mtu mzima, jirani wa upande wa chini, alitoka hadi kwenye ua wa miti uliogawa viwanja viwili. Alikuwa akimwogesha mjukuu wake nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Ni nani aliyewapa ruhusa ya kutazama ndani ya boma langu?"

Kijana akajibu kwa upole, "Mama, hatukupigi picha wewe. Twapima kiwanja hiki tu."

"Jicho likishaingia," akasema yule bibi, "mguu hauna haja ya kuingia."

Sote tulinyamaza. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba sisi wenyewe, tuliokulia katika mitaa ambayo sitara ni nguzo ya nyumba, tulikuwa tumesimama na watoto tukiishangilia ndege ile, wala halikutupitia hata mara moja wazo la jirani. Mafunzo ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu twayasoma katika Surat an-Nur tangu chuoni. Nyumba za wazee wetu zilijengwa juu ya msingi huo huo. Mgeni huishia dakani au barazani mpaka akaribishwe. Ua umefichwa nyuma ya kuta. Na huko Lamu yako mawikio, vile vyumba vilivyovuka juu ya njia, ambavyo wanawake waliweza kupita toka nyumba hadi nyumba pasi na kuonwa na wapita njia. Wajenzi wale walijua kumkinga mtu na jicho la njiani. Jicho la angani hawakulijua, hivyo kinga yake ni juu yetu.

Mwenye kiwanja alifanya lililostahili. Alimwagiza kijana aishushe droni, akaenda kupiga hodi kwa jirani akiwa na mkewe, akaomba radhi. Kijana akaleta kompyuta yake, akamwonyesha bibi picha zote, na zile zilizoonyesha boma lake akazifuta mbele yake. Sehemu iliyobaki ya upande ule ilipigwa siku ya pili, saa ambayo bibi mwenyewe aliichagua. Kisha, wakati wa chai, tulisikia neno ambalo hatutalisahau. Mkondo ulipotajwa baada ya picha kutoka, bibi alicheka akasema kwamba maji yamepita pale tangu alipoolewa, na lau wangalimuuliza angaliwaonyesha kwa kidole.

Wasomaji wetu, hatusemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Zanzibar walikitumia mwaka 2016 kupiga ramani ya Unguja na Pemba, kazi iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na washirika wake, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakawa miongoni mwa walioirusha. Katika ujenzi, droni hukagua paa na kuta ndefu bila ya kumpandisha mtu ngazi, na kila fundi aliyeepushwa na kuanguka ni baba aliyerudi nyumbani jioni. Hupima rundo la kokoto na mchanga, mwenye mali akajua kama alicholipia ndicho kilichofika. Na kwa jamaa zetu walioko Muscat au London wanaojenga huku kwa kutuma fedha, picha za kila wiki ni shahidi asiyekula rushwa.

Hata hivyo shahidi huyo ana mipaka yake. Penye miti iliyosongamana, kamera huona majani, si ardhi. Upepo, mvua na ukungu wa Nyambene humzuia. Hawezi kuamua mpaka wa shamba. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni na msajili wa ardhi. Wala haoni ndani ya zege. Nondo zikipunguzwa na saruji ikachakachuliwa, ukuta utapendeza katika picha hadi siku utakapoanguka. Tukumbuke jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa ukingoni mwa mto, na jambo hilo lilionekana kwa macho matupu. Kilichokosekana hapo ni uaminifu, na uaminifu haupakiwi katika sanduku la kijana yeyote.

Sheria nayo imesema. Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chombo husajiliwa, na anayekirusha kwa kazi ya malipo hana budi kuwa na kibali. Hakipai zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, na sehemu zilizo karibu na viwanja vya ndege zina masharti makali zaidi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yagusa picha za watu kama igusavyo majina yao.

Basi familia inayotaka kuitumia droni katika ujenzi na iulize mambo manne kabla ya kutoa hata shilingi. Je, mrushaji ana kibali, na chombo kimesajiliwa? Je, majirani wa pande zote wamearifiwa, siku na saa, angalau siku moja kabla? Je, picha zitawekwa wapi, nani atakayeziona, na zile zisizohitajika zitafutwa lini? Na la nne, je, tumekwisha kuwauliza wazee wa mahali hapo juu ya maji, udongo na njia za kale?

Hili la nne halina gharama, na huko Kangeta ndilo lililotupita. Tulipanda hadi mawinguni kutafuta khabari iliyokuwa imeketi upande wa pili wa ua, ikimwogesha mjukuu. Nyumba ile sasa imeanza kuinuka, na shimo la choo limehamia upande wa juu wa barabara ya ndani, mbali na mkondo. Twaambiwa kwamba yule bibi hupita kila asubuhi kuwaamkia mafundi, na huingia kwa hodi.

Wabillahi tawfiq.