Pozzuoli: Nilisema Wahame, Sasa Nafuta Kauli

Mwenzenu wiki hii nimejiumbua mwenyewe. Mwalimu wa jiolojia alituonyesha picha ya nguzo tatu za marumaru za Pozzuoli, mji wa pwani karibu na Naples, Italia, akauliza: wakazi wake wafanyweje? Mimi na kiherehere changu nikarukia: "Wahamishwe wote!" Darasa zima likaniunga mkono. Nikajiona bingwa. Kufika hosteli nikaanza kusoma, na sasa nafuta kauli.

Mji huu wengi mmeshausoma bila kujua. Ndiyo Puteoli ya Matendo ya Mitume 28, Paulo aliposhuka melini akakaa na ndugu siku saba kabla ya kwenda Roma. Wagiriki waliuanzisha karne ya 6 KK, Warumi wakaufanya koloni lao mwaka 194 KK, ukawa bandari kubwa. Majivu ya volkano ya hapo waliyachanganya na chokaa wakapata zege linaloshika hata chini ya maji. Wajanja, bwana!

Tuje kwenye zile nguzo. Zilikuwa za soko, ila watu walidhani ni hekalu la Serapis, eti kwa sababu sanamu yake ilichimbuliwa hapo mwaka 1750. Juu kuliko kichwa cha mtu zina matundu yaliyotobolewa na chaza wa baharini. Maana yake ardhi ilizama, bahari ikaingia, kisha ikainuka tena, na nguzo bado zimesimama! Mji umekaa ndani ya volkano ya Campi Flegrei.

Nayo haijalala. Mwaka 1538 ililipuka ikazaa kilima kizima, Monte Nuovo. Machi 1970 serikali iliwaondoa wakazi wote wa Rione Terra, mtaa wa kale kabisa. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ilipanda kama mita 1.8, watu wapatao 40,000 wakahama, wengi wakajengewa Monteruscello, mbali na bandari. Tangu 2005 inapanda tena, na Mei 2024 tetemeko la 4.4 liliwatoa watu majumbani.

Sasa hoja yangu. Rione Terra imekarabatiwa vizuri. Kanisa kuu, lililojengwa ndani ya hekalu la Kirumi, lilifunguliwa tena 2014, na watalii wanatembea kwenye njia za Kirumi chini ya ardhi. Safi sana. Lakini wale wa 1970 hawakurudi kuishi pale. Mtaa umepona, wenyewe hawapo.

Sisemi watu wakae wasubiri kufa. Hatari ni ya kweli, na siku ikibidi, watoke mbio. Ila anayesema "wahame" ajibu kwanza: wapi, mvuvi atakula nini huko, na watarudi lini? "Wahamishwe" ni neno jepesi mdomoni mwa asiyepoteza nyumba. Mimi nililisema nikiwa nimekaa kwenye kiti, tumbo limeshiba.

Naomba kuwakilisha. Mnaopinga, nipo kantini saa saba mchana. Alamsiki!