Cheni ya injini, pesa ya wawili

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu tuingie gereji. Kina dada, msikimbilie ukurasa wa mapambo kwanza! Gari la familia likilala, hata wewe unayependeza utapanda bodaboda.

Kuna wanandoa hapa Bariadi walikaa wiki nzima hawasemeshani. Mke alikuta kwenye simu ya mume ujumbe wa pesa nyingi, mpokeaji jina la kike, yuko Dar. Kumbe ni mama wa watu anauza spea! Mume alikuwa ananunua cheni ya taimingi, ila hakusema kwa sababu pesa ilikuwa ya ada. Jamani, kosa si spea. Kosa ni ukimya.

Kwetu lilipoanza IST, ukiliwasha asubuhi linakwaruza sekunde chache halafu kimya, mume wangu alitaka atume pesa siku ileile. Akiba yenyewe ilikuwa ya bati za nyumba yetu. Nikamwambia, baba, kwanza tujue tunanunua nini. Tukakubaliana mambo matatu.

La kwanza, ugonjwa uthibitishwe. Cheni hii inaunganisha kranshafti na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Ikilegea hadi ikaruka meno, valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo mtaongelea injini nzima. Lakini si kila kelele ni cheni. Hata wota pampu hulia. Fundi afungue tapeti kava, awaonyeshe wote wawili. Pia apime oili, maana tenshena inayokaza cheni inasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua au ikichakaa, cheni nayo inateseka.

La pili, orodha kamili kabla ya bei. Cheni peke yake inavutia mfukoni. Ila kuifikia ni kufungua mbele yote ya injini, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya fundi. Mkiacha tenshena iliyochoka na zile reli za plastiki zinazoongoza cheni, mtalipa ufundi mara mbili. Ongezeni sili ya mbele ya kranshafti, silikoni ya kufungia kava, oili mpya na filta. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea.

La tatu, spea inatoka wapi? Bariadi ni makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, lakini maduka yetu yanajaza vinavyotoka haraka: filta, plagi, brekipedi. Cheni mara nyingi utaagiza Mwanza, ije kwa basi kupitia Magu na Lamadi, au uagize Kariakoo. Usiseme tu "nataka cheni ya IST". Yenye chasisi NCP60 ina injini ya 2NZ-FE, lita 1.3, NCP61 ina 1NZ-FE, lita 1.5. Tuma picha ya kibati cha chasisi na ya spea ya zamani. Muuzaji naye atume picha ya mzigo, namba zionekane, kabla hujatuma hata senti. Muulize wazi: ni mpya, ni kopi, au ya mtumba? Ya mtumba imeshatembea kilomita usizozijua, mimi siishauri. Dai risiti, jina la basi na namba ya konda. Mzigo ukifika, ulinganisheni na ule wa zamani kabla fundi hajafunga kitu.

Tulipomaliza kupiga hesabu, jumla ilizidi ile aliyotaka kutuma mwanzo. Niliumia, sikatai. Bati zikasogezwa mbele hadi msimu wa pamba. Lakini uamuzi ulikuwa wetu wote, kwa hiyo mvua iliponyesha hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole.

Basi wapendwa, kama gari lenu limeanza kukwaruza, usiku wa leo zimeni televisheni, wekeni karatasi mezani, andikeni orodha pamoja. Na pesa ikitumwa, ujumbe wa simu usomwe na wote wawili. Tukutane mwezi ujao!