Ajali Ina Kinga, Bwana!

Nina ugomvi na msemo mmoja, na leo nautoa hadharani. Ni msemo tuliourithi hata masikio yetu hayausikii tena: ajali haina kinga. Gari ikipinduka, husemwa. Mtu akizikwa, husemwa. Dereva akitoka kituoni kuandikisha maelezo, naye husema. Mimi nasema ni uongo, tena uongo unaoua.

Msije mkanifahamu vibaya. Sipingi kudra. Sote hapa Pemba tumepita chuoni, na sote tunaijua habari ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake ovyo eti anamtegemea Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwambia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Basi nauliza: gari zetu nani amezifunga?

Nazungumzia usukani. Breki mbovu kila mtu anaiogopa. Usukani hufa polepole, siku hadi siku, huku dereva akiuzoea ugonjwa. Kati ya mkono wake na tairi kuna fimbo na viungo: tairodi, boli jointi na wenzao. Kiungo ni gololi ndani ya kikombe, na grisi, na mpira wa kuufunika mdomo. Mpira ukipasuka, mchanga na maji huingia. Gololi hulika, kikombe hupanuka, usukani huanza kucheza. Mwisho gololi huchomoka, na tairi hwenda itakako. Dereva hubaki ameshika duara kama aliyeshika sinia.

Msimu wa karafuu uliopita nilipanda gari ya abiria kutoka Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani, ile ya kona na vilima. Nilikaa mbele. Dereva alikuwa akiuzungusha usukani karibu robo ya duara kabla tairi hazijaitika. Nikamwambia, "Ami, usukani huu mbona una mchezo mkubwa?"

Akacheka. "Mwanangu, hii ndivyo ilivyo. Mie nishaizoea."

Utingo akadakia kutoka nyuma: "Kama waogopa, shuka wende kwa miguu!" Gari nzima ikaangua kicheko.

Siku chache baadaye gari hiyo hiyo ilikosa kona ikaingia bondeni, kwenye mpunga. Mama mmoja aliyekuwa akienda kuchambua karafuu alivunjika nyonga. Hawezi tena kukaa jamvini, na kazi yake ndiyo hiyo. Fundi aliyekwenda kuitoa gari alikuta kiungo cha tairodi kimefungwa waya. Waya, jamani! Na waliokwenda kumtazama mgonjwa walimpa pole kwa maneno gani? Mnayajua.

Hebu tazameni mizani yetu. Karafuu ikifika kituo cha ZSTC hukaguliwa ukavu na usafi kabla ya kupokewa. Aliyeichambua hupakiwa kwenye gari ambayo hakuna aliyeinama kuitazama chini.

Najua jibu litakalokuja: umaskini, spea ghali. Umaskini upo, siukatai. Lakini matajiri nao hunyamaza. Mwaka 2004 kampuni ya Toyota iliziita gereji Hilux zaidi ya 300,000 huko Japani, kwa kuwa fimbo moja ya usukani iliweza kukatika, hasa kwa gari ambazo usukani hukatwa zikiwa zimesimama au zinakwenda polepole. Zilikuwa gari za tangu 1988 hadi 1996. Marekani gari za ukoo huo, karibu milioni moja, hazikuitwa mpaka 2005. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 16 na ushei kwa kuchelewa. Hapakuwa na umaskini pale. Palikuwa na watu waliosubiri, mpaka wengine wakauliza kwa sauti.

Na barua za kuita gari hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikwa kule. Gari ikishauzwa mitumba ikavuka bahari hadi kwetu, nani atakupigia hodi Konde au Mkoani? Kwa hiyo macho ni yetu wenyewe.

Kutazama hakutaki digrii. Elekeza tairi mbele, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukienda zaidi ya upana wa vidole viwili kabla tairi hazijatikisika, kuna jambo. Kisha piga jeki, weka kigogo cha kuizuia gari, shika tairi ya mbele ubavu huu na huu, uitikise. Ikigonga, kiungo kimelegea. Kiungo kilichokwisha hubadilishwa. Hakifungwi waya, wala hakichomelewi, maana moto huharibu ugumu wa chuma. Na gari hairudi barabarani mpaka itengezwe, hata kama leo ni siku ya soko.

Sasa nageukia nyinyi wenzangu wa kalamu. Gari ikianguka mnatunga beti za maombolezo, vina vimekaa sawa, kudra kila ubeti, na waya haumo. Mnasema mwandishi kazi yake ni mapenzi, bahari na harufu ya karafuu. Nani kawaambia? Mwaka 1965 kijana wa miaka 31, Ralph Nader, alichapisha kitabu kizima juu ya gari zinazoua. Alieleza mpaka mhimili wa usukani uliokuwa ukimchoma dereva kifuani gari ikigonga. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari. Hakutunga hata ubeti mmoja.

Tena sisi Wapemba tuna deni zaidi. Mwaka 2011 Spice Islander, meli iliyoundwa 1967, ilizama ikija kwetu, imebeba watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Tuliwalilia, na haki yao. Lakini uzito wa meli hujulikana bandarini kabla ya kung'oa nanga, kama vile waya hujulikana kwa anayeinama.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Abiria, ukiona usukani unacheza, sema; wakicheka, shuka, na nauli yako uidai. Mwandishi, ikitokea ajali, nenda gereji kabla ya kushika kalamu, umuulize fundi alichokikuta, ukiandike kwa jina lake. Anayeona nimekosea na alete hoja yake hapa hapa. Ila asije na ule msemo.