Mkwe, bosi na mteja wa mchele wote wanaona stetasi yako: Ifakara inavyojifunza kupanga marafiki wa mtandaoni

Pitia majina yaliyosevuwa kwenye simu ya mfanyabiashara wa mchele pale Ifakara, utaona mji mzima umo ndani. "Dalali Mang'ula", "Fundi Mashine", "Boda Kibaoni", "Mama Mchele Dar", "Mwalimu wa Neema", "Baba Mkwe".

Majina hayo yanaonyesha kwamba mwenye simu ameshawapanga watu wake kichwani. Anajua wa biashara ni nani, wa ukoo ni nani na wa heshima ni nani. Shida ni kwamba simu haijui. Akiweka stetasi ya WhatsApp, kama hajagusa mipangilio ya faragha, dalali na baba mkwe wanaona kitu kilekile kwa saa 24.

Kwa Bonde la Kilombero hili si jambo dogo. Msimu wa mavuno ya mpunga ndio pesa inapoonekana, na ndio madeni, michango na maombi ya ndugu yanapoongezeka. Picha moja ya magunia yaliyopangwa kwenye stoo ya mashine ni tangazo kwa mteja wa Dar es Salaam. Kwa anayekudai ni ushahidi kwamba unazo. Kwa mwizi ni ramani.

Stetasi imekuwa duka

WhatsApp ilileta stetasi za picha na video Februari 2017. Kwa wauzaji wadogo zikawa kibao cha dukani kisicholipiwa kodi ya fremu: unaweka bei ya kilo, unaweka picha ya mchele, wateja wanakuja inbox.

Lakini ili mtu aone stetasi yako, lazima wewe uwe umesevu namba yake na yeye awe amesevu yako. Kwa hiyo muuzaji anasevu kila mteja, na kila mteja anaingia pia kwenye picha za harusi, za mtoto mgonjwa na za safari. Duka na sebule vimetumia mlango mmoja.

Namna ya kuzitenganisha ipo. Kwenye mipangilio ya faragha ya stetasi kuna chaguo tatu: waone wote uliowasevu, waone wote isipokuwa uliowachagua, au waone wale tu uliowachagua.

Chaguo la pili na la tatu yanafanana kwa macho, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Ukiwazuia wachache, kila namba mpya unayosevu kesho, iwe ya bodaboda au ya dalali uliyekutana naye mnadani, inaingia moja kwa moja kwenye wanaoona. Ukiwaruhusu wachache, namba mpya inabaki nje mpaka umwingize mwenyewe. Kwa mtu anayesevu namba mpya kila siku, chaguo la tatu ndilo salama zaidi kwa mambo ya nyumbani.

Kumbuka pia kwamba ukibadilisha mipangilio leo, stetasi uliyokwisha kuposti haibadiliki. Inayofuata ndiyo itafuata mpangilio mpya.

Wazo la zamani, uvivu uleule

Kupanga marafiki kwa makundi si jambo jipya. Facebook ilikuwa na orodha za marafiki miaka mingi iliyopita, na 2011 ikaongeza zilizo tayari: marafiki wa karibu, watu unaofahamiana nao tu, na waliowekewa mipaka, ambao wanaona tu unachoposti kwa watu wote. Mwaka huohuo Google ilizindua Google+, mtandao ambao ulijengwa juu ya wazo hilohilo la kuwaweka watu kwenye miduara. Ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Instagram nayo ilileta orodha ya marafiki wa karibu Novemba 2018.

Kinachoonekana hapo ni kwamba watu hawapendi kukaa chini wachambue majina 400. Wanapenda orodha moja fupi. Huenda ndiyo maana ya marafiki wa karibu imedumu: unachagua watu 15, basi.

Watanzania wengi wamepata njia yao: laini mbili. Moja ya biashara, moja ya nyumbani. WhatsApp Business, iliyozinduliwa 2018, imerahisisha hilo kwa sababu inaweza kukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida, kila moja na namba yake.

Mji mdogo hauna siri

Hapa ndipo Ifakara inapotofautiana na jiji kubwa. WhatsApp haimtaarifu mtu kwamba umemzuia kuona stetasi. Ila mji unamtaarifu. Watu wawili wakikaa kijiweni, mmoja akafungua stetasi yako na mwenzake haioni, swali litakuja: "Kwani mimi nimemkosea nini?"

Kwa shangazi au mkwe, kufichwa ni kama kufungiwa mlango. Ndiyo maana wengi wanaacha wote waone, halafu wanaumia kimya kimya. Njia ya kati ni kumbakiza mkwe kwenye stetasi za kawaida, salamu na bei ya mchele, na kuyapeleka mambo ya ndani kwa orodha fupi. Hapo mkwe haoni kwamba ametengwa, maana kila siku anaona kitu.

Na orodha fupi nayo ina watu. Mmoja akipiga skrinishoti, hutapata taarifa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mipangilio inachagua nani aone, haichagui nani anyamaze.

Mlango wa nyuma

Kuna hatari ambayo makundi hayaigusi kabisa. Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Waliokopa kwenye mikopo ya mtandaoni, ile inayoitwa kausha damu, wanajua mwisho wake: ukichelewa kulipa, meseji za kukuaibisha zinakwenda kwa bosi, kwa mchungaji na kwa mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani, na ana pa kulalamika zikitumiwa vibaya.

Wakazi wa Kilombero na Ulanga wanalijua wazo hilo kuliko wengi. Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakipita kaya kwa kaya kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji. Katika utafiti wa namna hiyo, mwenye nyumba huombwa ridhaa kwanza. Simu nayo huomba ridhaa, ila kwa kitufe kimoja, mtu akiwa na shida ya pesa.

Kwa anayetaka kuanza leo, hatua ni tatu. Tengeneza orodha moja fupi ya watu wa ndani. Ingia kwenye mipangilio ya magrupu, uzuie usiowajua kukuingiza, maana ukishaingizwa namba yako inaonwa na wote waliomo. Kisha kagua ni programu zipi zina ruhusa ya kusoma majina yako, ufute zisizo na sababu. Hiyo ya mwisho haikulindi wewe peke yako. Inawalinda mkwe, bosi na mteja, ambao hawakuulizwa kama namba zao zigawiwe.